Risasi Aliyoifukia Babu

Upande wa mama nina kuka na kukhu, kama Mluhya mwingine yeyote. Upande wa baba nilikuwa na Dziadzia na Busia. Ndiyo, Busia, kama ule mji wa mpakani. Wapolandi wa Chicago ndivyo wanavyomwita nyanya. Nikiwa darasa la nne niliandika insha kwamba likizo nilienda kwa Busia na nikapanda ndege mbili. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: Busia watu huenda na basi. Nalo jina Dziadzia lisikutishe kwa herufi zake. Litamke "jaja" na utakuwa karibu sana. Ukivuka huo mpaka wa Busia uende hadi Kampala, utasikia watu wakiwaita babu na nyanya zao jjajja. Lugha zina mambo yake.

Dziadzia alifariki Februari 2022 akiwa na miaka 87. Alikuwa fundi wa bomba, plamba kama tunavyosema mtaani, na hiyo kazi aliifanya Chicago kwa zaidi ya miaka 40. Nimesoma maombolezo mengi ya mababu na karibu yote yanafanana: alikuwa mpole, aliwapenda wajukuu, mikono yake ilikuwa migumu kwa kazi. Dziadzia alikuwa hivyo pia. Lakini kuna jambo alilolifanya uzeeni ambalo familia yetu mpaka leo haijakubaliana kama lilikuwa wema au ukaidi wa mzee. Nikiliruka, nitakuwa nimemwandika mtu mwingine.

Alizaliwa 1934 mashariki mwa Polandi, sehemu ambayo leo iko Ukraine. Septemba 1939 Ujerumani ilivamia nchi hiyo kutoka magharibi, na Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Tarehe 10 Februari 1940, katikati ya baridi kali, askari wa Kisovieti walianza kuwatoa Wapolandi majumbani, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na sehemu nyingine za mbali. Familia yake ilikuwa ndani ya mojawapo ya hayo mabehewa. Mwaka uliofuata Hitler akamgeuka Stalin, Stalin akahitaji marafiki, na Wapolandi wakaachiliwa. Mnamo 1942 maelfu yao walivuka Bahari ya Kaspi hadi Irani. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake na watoto Waingereza waliwasambaza katika makoloni yao, na wengi wakaletwa huku kwetu: Masindi na Koja kule Uganda, Makindu na Rongai hapa Kenya, Ifunda na Kondoa Tanganyika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000.

Vitabu vyangu vya historia vilikuwa na wazungu magavana, wazungu wamishonari na wazungu walowezi. Mzungu mkimbizi anayelala kwenye kibanda cha mviringo kilichoezekwa kwa nyasi, huyo hakuwemo. Kumbe mmoja alikuwa babu yangu.

Alifika Tengeru akiwa na miaka minane, pamoja na mama yake na dada mdogo. Aliondoka akiwa kijana wa miaka 14, na mama yake tu. Dada yake malaria ilimwacha pale, kwenye makaburi ya Wapolandi ambayo yanatunzwa mpaka leo. Mwaka 2023 nilipanda basi kutoka Nairobi, nikapitia Namanga, nikafika Tengeru tarehe 1 Novemba, siku ambayo Wapolandi huwasha mishumaa makaburini. Niliwasha mmoja wa dada yake na mmoja wake yeye, ingawa yeye amelala kwingine.

Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa maneno matano: maji, ndizi, asante, pole pole, na mfereji. Hilo la mwisho alilipenda zaidi. Wakulima wa mlimani walikuwa wamechimba mifereji ya kushusha maji kutoka juu hadi kwenye migomba, bila pampu, bila injini, kwa mteremko tu. Mtoto aliyetoka nchi ya barafu alikuwa akikaa hapo kutwa nzima akitazama. Nilipomweleza kwamba Nairobi mfereji ndiyo ile koki ya maji jikoni, alicheka hadi akatoa miwani. "Basi nimekuwa fundi wa mifereji maisha yangu yote," aliniambia, "na sikujua."

Kutoka Tengeru walipelekwa Uingereza, na 1951 wakafika Chicago. Huko kulikuwa na mtaa wa Kipolandi unaoitwa Jackowo, karibu na kanisa la Mtakatifu Hyacinth, mahali ambapo ungeweza kununua mkate, kuungama dhambi na kugombana na mwenye nyumba bila kusema neno moja la Kiingereza. Alipomaliza shule aliingia uanagenzi wa mabomba: miaka mitano ya kubeba mizigo ya watu wengine kabla ya kuruhusiwa kushika kazi yake mwenyewe.

Ufundi wake ulikuwa wa zamani. Ukienda Lamu utaona fundi wa jahazi akikalafati, yaani anasukuma pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa za mbao ili maji yasipite. Mabomba ya chuma ya majitaka kule Chicago yaliunganishwa kwa wazo hilohilo. Bomba moja linaingizwa kwenye kichwa cha lingine. Kwenye pengo unagongea nyuzi zilizolowa lami, ukizishindilia raundi baada ya raundi. Kisha unayeyusha risasi kwenye chungu cha chuma, unaimimina juu ya zile nyuzi, na ikipoa unaigonga kwa tindo butu hadi ikaze. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, ndiyo maana mafundi waliipenda. Dziadzia alisema kazi nzuri ya bomba ni ile ambayo hakuna mtu ataikumbuka. Watu hukumbuka bomba siku likipasuka.

Na hakuwa mtu wa huzuni, usimfikirie vibaya. Tangu 1962 chama cha mafundi bomba cha Chicago humimina rangi kwenye mto unaopita katikati ya jiji, kila Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na mto mzima unakuwa kijani kama nyasi za Limuru. Alinipeleka nikiwa na miaka tisa. Watu walikuwa wakishangilia, wengine wamelewa tayari, na yeye akainama sikioni mwangu kunieleza kwamba ile rangi ilianza kama kifaa cha kazi. Fundi alikuwa anaimwaga kwenye choo cha nyumba au kiwanda, halafu anaenda mtoni kutazama. Ukiona rangi inatokea, umemjua anayechafua mto.

Kwenye friji yao kulikuwa na picha iliyokatwa kutoka gazetini. Mwaka 2005 kule Ufaransa, watu walipokuwa wakipigia kura katiba ya Ulaya, wanasiasa waliwatisha wananchi kwamba fundi bomba kutoka Polandi atakuja kuchukua kazi zao. Ofisi ya utalii ya Polandi ikajibu kwa tangazo: kijana mtanashati ameshika vifaa vya bomba, anawakaribisha Wafaransa Polandi. Busia alibandika hiyo picha na kila mgeni alimwambia, "Huyu ni mume wangu kabla sijamlisha."

Mama yangu aliingia kwenye hiyo familia Desemba 1996. Alikuwa amekwenda Chicago kusomea uuguzi, akakutana na baba, na baba akamleta nyumbani mkesha wa Krismasi bila kumwambia mtu. Sasa, Wapolandi usiku huo huweka sahani moja ya ziada mezani, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Ni desturi tu, miaka mingi sahani hukaa tupu. Mama anasema alisimama mlangoni na theluji kichwani, meza nzima ikamtazama, hakuna aliyepumua. Dziadzia akainuka, akavuta kiti chenye ile sahani na kumwonyesha akae. Sisi tungesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye alisema, kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu mezani aliyejua anacho, "Pole pole."

Ndoa ya wazazi wangu haikudumu. Nilikuwa na miaka minne tuliporudi Nairobi. Lakini Mama hakuwahi kuacha kuwapigia simu wale wazee, na kila alipopata nauli alinipeleka.

Sasa nifike kwenye risasi.

Kila nyumba ya Chicago ina bomba dogo linalotoa maji kwenye bomba kuu la barabarani na kuyaingiza ndani. Miji mingi ya Marekani ilianza kukataza bomba hilo lisiwe la risasi tangu miaka ya 1920, kwa sababu madhara yake yalijulikana. Chicago ilifanya kinyume. Kanuni zake za ujenzi zililazimisha risasi, hadi sheria ya nchi nzima ilipoipiga marufuku mwaka 1986. Sababu za kiufundi hazikukosekana: risasi ni laini, inapinda, ardhi ikiganda na kusogea wakati wa baridi haivunjiki, na inadumu miaka mingi. Ndiyo maana Chicago inaongoza Marekani yote kwa mabomba ya risasi yaliyo chini ya ardhi. Ni kama 400,000.

Babu yangu aliweka baadhi yake. Aliyaweka vizuri. Hakuna lililovuja.

Aprili 2014, mji wa Flint katika jimbo la Michigan ulibadilisha chanzo cha maji ili kuokoa pesa, ukaanza kuvuta maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Yale maji yakala mabomba, na risasi ikaingia kwenye vikombe vya watu karibu 100,000. Kufikia Januari 2016 gavana alikuwa ametangaza hali ya dharura. Busia alinisimulia kwamba Dziadzia alitazama hizo habari jioni tatu mfululizo bila kusema kitu. Usiku wa nne alishuka chini kwenye chumba cha vifaa, akarudi na sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na daftari zake za mfukoni. Zilikuwa 31. Kwa kila kazi aliyowahi kufanya alikuwa ameandika anwani, tarehe, urefu wa bomba, aina ya bomba, na kama mwenye nyumba alilipa.

Asubuhi alichukua daftari la kwanza na kuanza kubisha hodi.

Niliyaona haya kwa macho yangu baadaye. Mwaka 2018 nilienda kuishi nao nikisoma chuo kikuu. Mwaka huohuo gazeti la Chicago Tribune lilichunguza vipimo vya maji kutoka nyumba 2,797 za jiji, na karibu asilimia 70 zilikuwa na risasi. Mwaka uliofuata karo ilinishinda nikaacha masomo. Baba alinipa mhadhara. Busia alinipa supu. Dziadzia, ambaye hakuwa ameona ndani ya chuo ila akizibua vyoo vyake, aliniambia tu, "Kesho saa mbili asubuhi. Vaa viatu vizito, wnusia." Wnusia ni mjukuu wa kike, ukimwita kwa mapenzi.

Tulitembea kiangazi kizima cha 2019. Mfuko wake ulikuwa na vitu vitatu: daftari, sumaku na sarafu. Tukikaribishwa, tulishuka hadi mahali bomba linapoingilia nyumbani. Alikwaruza bomba kwa sarafu. Pakibaki na rangi ya chungwa kama senti ya zamani, hiyo ni shaba, kaa kwa amani. Pakang'aa kama fedha, weka sumaku. Sumaku ikishika ni chuma. Isiposhika ni risasi. Kisha aliwaeleza mambo ambayo nimeyasikia mara nyingi hadi nayaota. Maji yakilala kwenye bomba usiku kucha, asubuhi fungulia koki yatiririke dakika kadhaa kabla ya kuyatumia. Pikia maji baridi, kwa maana ya moto huvuta risasi zaidi. Nunua chujio lililothibitishwa kuondoa risasi, si chujio lolote tu. Na usichemshe ukidhani umeponya kitu. Hapo mimi Mkenya nilishtuka, sisi tuliolelewa kuamini kwamba kuchemsha ni dawa ya kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi haiui, inaiacha palepale na maji yanapungua.

Zile nyumba alizozijua zikiwa za Wapolandi, nyingi sasa zilikuwa za watu wa Meksiko. Nakumbuka mama mmoja kijana aliyetufungulia na mtoto mgongoni. Mezani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na chupa ya mtoto nusu imekorogwa. Dziadzia aliitazama hiyo chupa kabla ya kusema lolote. Alishuka, akakwaruza, akaweka sumaku. Ikaanguka sakafuni.

"Mimi ndiye niliyeliweka," alimwambia. "Juni 1971."

Yule mama aliuliza alichokuwa akiuza. Wengi waliuliza hivyo. Alipojibiwa kwamba hauzi kitu, akauliza, "Basi kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mimi najua liko wapi."

Yule mama alichukua ile chupa na kuimwaga kwenye sinki. Hakusema asante wala hakutufukuza. Tulipofika barabarani, Dziadzia aliandika alama ndogo kwenye daftari, mkono wake ukitetemeka kidogo, tukaenda nyumba iliyofuata.

Si wote walitupokea. Kuna waliofunga mlango. Mzee mmoja alisema amekunywa hayo maji miaka 50 na angali hai, kwa hivyo tuondoke kwenye nyasi zake. Kuna aliyeahidi kuita wakili. Lakini maneno yaliyomuuma zaidi yalitoka kwa watu wake. Baada ya misa moja, fundi mstaafu waliyefanya kazi pamoja alimfuata hadi nje na kumwambia, "Unatupaka matope sote. Tulifanya tulichoambiwa." Hawakuongea tena. Kwenye mazishi yule mzee alikuja, akasimama nyuma kabisa.

Nyumbani vita vilikuwa vya aina nyingine. Busia aliogopa kushtakiwa na kupoteza nyumba. Baba alikuwa na hoja moja aliyoirudia kama wimbo: sheria ya jiji ndiyo iliyoamuru, kwa hivyo jiji ndilo lijibu. Na kusema kweli, hoja hiyo ni nzito. Kubadilisha bomba moja kule ni maelfu ya dola. Kuna familia ambazo Dziadzia aliziacha na hofu ambayo hazikuwa na pesa za kuiondoa. Shangazi aliuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: ni wema gani kumwambia mtu kuhusu sumu asiyeweza kuing'oa?

Dziadzia hakuwa mtu wa kubishana. Nilimsikia akimjibu baba mara moja tu, wakiwa jikoni, mimi nikiosha vyombo. "Sheria haikushika spana," alisema. Kisha akaendelea kumenya viazi.

Hata mimi nilikuwa na langu la kuuliza. Nyumba yao wenyewe, ile aliyoinunua 1968, bomba lake aliliweka kwa mikono yake. Lilikuwa la risasi. Baba na shangazi walikua wakinywa maji yake. Mimi nilizaliwa 1999, nikalelewa humo miaka yangu minne ya mwanzo, umri ambao risasi hudhuru ubongo wa mtoto zaidi. Hakuna kiwango cha risasi kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtoto. Alilichimbua lile bomba 2017, akiwa na miaka 82 hivi, akisaidiwa na kijana mwenye leseni, akaweka la shaba. Kipande cha lile la zamani alikiweka kwenye dirisha la jikoni, juu ya sinki, na akakataa katakata kisiondolewe.

Jioni moja nilikishika mkononi. Kizito ajabu kwa udogo wake. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili hiki kitu kinaitwa risasi, na kwamba risasi ndilo neno letu la kile kinachotoka kwenye bunduki. Neno moja kwa vyote viwili. Aliniomba nilirudie polepole. Akalitamka mara mbili. Likawa neno lake la sita.

Nilipompigia Mama kumwambia kuhusu bomba la nyumba ile, alinyamaza muda mrefu. Mama ni muuguzi, anajua risasi hufanya nini kwa mtoto, na najua kichwani alikuwa anahesabu chupa zangu zote. Nilingoja akasirike. Mwishowe alisema, "Maji aliyokupa ndiyo maji aliyokuwa nayo." Akaniuliza kama mzee anakula vizuri.

Nilirudi Kenya mwanzoni mwa 2020. Kisha korona ikaja na Dziadzia akafungiwa ndani kama dunia nzima. Alijaribu kupiga simu, lakini namba za 1971 hazina mtu tena. Mwaka 2021 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kulazimisha mabomba yote ya risasi yabadilishwe, ingawa kwa jiji lenye mabomba mengi hivyo kazi itachukua miaka mingi. Shangazi alimsomea habari hiyo. Aliuliza wataanzia mtaa gani.

Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Adalbert, kule Niles, kati ya majina marefu yenye z nyingi. Niliyatazama mazishi kwenye simu, saa tatu usiku, Nairobi, stima ikipotea mara mbili.

Baada ya mazishi, shangazi, yuleyule aliyeuliza ni wema gani, alianza kupiga picha kurasa za daftari moja baada ya nyingine na kunitumia. Hakueleza, na sikumuuliza. Nilizinakili zote, ilichukua miezi minne. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya Tengeru, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Ukiondoa mabomba ya shaba na kazi za vyoo, zilibaki anwani 1,164 za risasi. Alizokuwa ameweka alama ni 409.

Kubisha hodi Chicago sina uwezo. Ninachoweza ni kuandika, ndiyo kazi inayonilipia nyumba miezi inaponilipia. Kwa hivyo niliandika barua ya ukurasa mmoja. Inasema fundi fulani aliweka bomba la risasi kwenye nyumba hii, tarehe hii, urefu huu. Inaeleza mambo ya sarafu na sumaku, ya koki asubuhi, ya maji baridi, ya chujio, na kwamba kuchemsha hakusaidii. Haina maneno ya kuomba radhi kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuyatumia mlangoni. Alisema aliloweka na mahali alipoliweka. Shangazi alitafuta watu wa kuitafsiri kwa Kihispania na Kipolandi, anaichapisha, anaitia kwenye bahasha.

Majibu huja kwa barua pepe, machache. Nyumba nyingine zilibomolewa zamani. Mwanamume mmoja aliandika kwamba bomba lake lilishabadilishwa, akashukuru. Mwanamke mmoja aliuliza kama huyo fundi bado anafanya kazi, maana ana choo kinachovuja. Nilimjibu kwamba amestaafu.

Kufikia wiki iliyopita tumetuma barua 543. Zimebaki 212. Shangazi analalamika kuhusu bei ya stempu.